Safari Isiyo na Msiba

Kolwezi, tarehe 9 Mei 1954

Yaya yangu, dada mkubwa Tshibola,

Salamu kutoka kambini kwetu. Tuko wazima sote, ila midomo imeanza kupasuka, maana baridi imekuja mapema mwaka huu. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole kama siafu. Louis amefaulu mtihani wa hesabu kwa kuponea chupuchupu. Mianda ameota tena meno mawili ya mbele yaliyong'oka na sasa anachekea kila mtu ili wayaone. Shemeji Nkulu amepona mgongo? Bado anashinda amesimama kwenye ghala la stesheni, au wamempa kiti?

Sasa neno lenyewe. Kabeya amepewa konje, likizo ya siku arobaini, kuanzia mwanzo wa Julai. Miaka kumi na minane anaendesha ile mashine kubwa ya kuchota mawe shimoni, na hii ndiyo mara ya kwanza kupewa siku nyingi hivyo. Nilidhani atasema twende Kasai kwa wajomba, au tuje kwenu Dilolo. Wiki mbili hakusema lolote. Halafu Jumatano alirudi kazini akaweka mezani kadi yenye picha: bahari ya buluu, meli nyeupe kubwa kama kanisa, na minazi. Mzungu anayemsimamia kazini alikwenda huko na mke wake, visiwa vya Karibi, kukimbia baridi ya kwao. Hawakwenda kumzika mtu. Hawakwenda kuuza kitu. Walikaa tu juu ya meli wiki tatu, wanakula na kutazama maji.

Kabeya akaniambia, "Shiye pia tuko na baridi. Mayi tuko nayo. Bato inatoka Bukama, inashuka na Lualaba mpaka Kabalo, na kule chini kuko joto. Tutaenda, weye na mi."

Nilikuwa nimeinamia jiko, nikauliza, "Na watoto?" Kimya. Nikauliza, "Tunaenda kwa nani?" Kimya. Nilipogeuka, alikuwa ameshachukua kofia yake ametoka.

Yaya, utatuchukulia watoto kwa vakansi ya shule? Na yale niliyokuandikia mwezi wa tatu bado yako moyoni. Mwaka wa pili huu naongea na mgongo wa mtu. Sitaki kuyarudia kwenye karatasi, kwa sababu Louis sasa anasoma hata mwandiko wangu. Safari hii nitakwenda. Nikirudi nitaamua.

Mdogo wako,
Agnès


Dilolo, siku ya 23, mwezi wa tano, 1954

Agnès mudogo yangu,

Barua yako ilifika na treni, Nkulu akaikamata ku stesheni, akaisoma mbele yangu. Nimemugombeza. Mugongo yake imepona, njo maana iko na nguvu ya kusoma barua ya bengine. Kiti hawajamupa. Mvua imeisha, vumbi imeingia mpaka mu sukari. Weye unaandika Kiswahili ya masista, mi naandika ile ya soko, utanivumilia.

Sasa sema kweli: nani amekufa? Muntu na bibi yake bapande bato pasipo maziko, pasipo ndoa, pasipo mugonjwa? Nimefikisha hiyo habari ku soko, na bamama bote banauliza neno moja: "Banakimbia nani?" Mumoja anasema Kabeya anakupeleka kwa muganga. Mwingine anasema bamemufukuza ku kazi. Nikasema hapana, banaenda kutazama mayi. Balicheka mpaka ule mwenye anauzisha samaki ya chumvi ya Lobito akaangusha mizani. Unaniambia bazungu banafanya vile. Bazungu banafanya bintu mingi. Banakula konokono.

Batoto ulete. Nkulu atapita Kolwezi na treni ya kazi siku ya kwanza ya mwezi wa saba, atabakamata, atarudi nabo.

Chumba ya mbele, ile dirisha yake inatazama stesheni, nimesha kuipaka chokaa. Nimeweka kitanda kubwa, hapana ya batoto tu. Unajua mi nataka kusema nini. Nkulu anazani mama yake anakuya, na anafurahi, nimemuacha na furaha yake.

Ile ya mwezi wa tatu, mi sijabadilisha neno. Bwana mwenye anakunyamazia miaka mbili amesha kuhama mu nyumba, hata kama viatu yake iko ku mulango. Enda ku mayi yako, mwambie kule, halafu kuya hapa. Masista ya Dilolo banafundisha muzuri.

Yaya yako,
Tshibola


Bukama, tarehe 4 Julai 1954

Yaya mpendwa,

Natumaini watoto walifika salama, na kwamba Mianda hakutapika ndani ya kofia ya shemeji kama mwaka ule. Wabusu wote. Sisi tumekalia mizigo yetu bandarini, na mimi nimevua sweta. Mwezi wa Julai! Tuliondoka Kolwezi nyasi zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda, Tenke tukabadili treni huku meno yakigongana. Lakini kadiri reli ilivyoshuka kuelekea mtoni, joto lilipanda kutoka miguuni, na hapa watoto wanaoga mtoni mchana kutwa.

Nikuchekeshe. Kutoka Kolwezi lazima upewe karatasi ya ruhusa, na juu ya karatasi lazima iandikwe sababu. Karani alimuuliza Kabeya, "Unaenda ku maziko?" Hapana. "Ku ndoa?" Hapana. "Sasa unaenda kufanya nini?"

"Kutembea na bibi yangu."

Karani aligeuza karatasi mbele na nyuma, hakuona mahali pa kuandika jambo la namna hiyo. Akaandika: msiba. Basi kwa serikali sisi ni wafiwa. Kila askari anayeisoma anatupa pole, na Kabeya anashukuru kwa uso wa huzuni hata nusura niangue kicheko.

Amenunua viti viwili vya kukunja, vya turubai, kama vile Wazungu wanavyoweka barazani. Alivibeba mwenyewe kwenye treni, kimoja kila kwapa. Meli yetu ina ghorofa mbili: juu ni Wazungu, na kuna bwana na bibi kutoka Elisabethville wenye gramafoni. Chini ni sisi, pamoja na magunia ya chumvi, kuku, baiskeli saba na kuni za injini. Kabeya amefungua viti vyake katikati ya magunia, akaketi, akapandisha mguu juu ya mwingine. Watu walimcheka. Sasa wanapanga foleni kuomba wakae kidogo. Nahodha, Tata Kalenga, mtu wa Kikondja mwenye tumbo la heshima, amekaa mara tatu.

Tutaondoka siku mizigo ikijaa. Hakuna anayejua ni siku gani, na la ajabu, hakuna anayekasirika.

Kabeya yuko mchangamfu, siwezi kusema uongo. Lakini jana mzee mmoja alikuwa anatusimulia jinsi mke wake alivyofariki kwa homa. Kabeya, aliyekuwa ameketi pembeni, akacheka. Akacheka kwa sauti, yaya. Watu wote wakamgeukia. Nilipomuuliza baadaye alisema alikuwa anawaza jambo lingine. Huyu ndiye mtu ninayeishi naye.

Bado sijamwambia. Niandikie kwa posta ya Kabalo.

Wako,
Agnès


Dilolo, siku ya 15, mwezi wa saba, 1954

Agnès,

Batoto bako bazima. Mianda hakutapika mu kofia, alitapika mu kapu ya mama mwingine, Nkulu akalipa na mandimu. Louis anashinda ku stesheni kuhesabu mabehewa ya Angola. Amejua kusema asante na Kireno, sasa anatushukuru nayo mpaka tunachoka. Usiku hakuna mwenye analia juu yenu. Nakuambia ili usihangaike, hapana juu ya kukuumiza.

Nyumba inajaa sauti. Nkulu anakula muzuri zaidi, sijui juu ya nini.

Mianda analala na mi. Alikataa kitanda kubwa, anasema ni ya mama yake. Mi sikumwambia kitu, amejisemea.

Ulimwambia bwana yako? Niandikie neno moja tu: ndiyo, ao bado.

Tshibola


Juu ya mchanga, kati ya Mulongo na Ankoro, tarehe 18 Julai 1954

Yaya yangu,

Salamu kutoka katikati ya mto. Kama uliniandikia, barua yako inatungoja Kabalo, na Kabalo iko mbali. Maji yamepungua na meli yetu imepanda juu ya mchanga kama ng'ombe aliyechoka. Leo ni siku ya sita. Tuko wazima, tuna samaki kuliko tunavyoweza kula. Watu wamehamia mchangani kabisa. Kuna jikoni, kuna mahali pa kufulia, na asubuhi hii tumesali rozari huku viboko wakitutazama. Bibi wa juu alishuka kuniomba chumvi, akanipa biskuti. Gramafoni yao imevunjika. Kabeya peke yake hakutambua kwamba imenyamaza.

Ningekuandikia mambo ya kuchekesha tu, lakini jana jambo lilitokea.

Tata Kalenga aliamua kuivuta meli kwa waya. Walifunga waya kwenye mti mkubwa ng'ambo, wakaupitisha kwenye gurudumu la kuvutia lililo mbele ya meli, injini ikaanza kuvuta. Waya ulikaza mpaka ukalia. Tata Kalenga alipiga kelele, "Tokeni! Tokeni bote!" Watu wakakimbia, akina mama wakanyakua watoto. Kabeya alikuwa amesimama karibu na waya, ametazama upande wa pili, mikono nyuma, anaangalia ndege. Wakamwita. "Tata! Tata Louis! Toka pale!" Mara nne, watu kumi kwa pamoja. Hakutikisika.

Nilikimbia, yaya. Nilimshika shati kwa nyuma nikamvuta, tukaanguka wote wawili mchangani. Waya ukakatika. Ulipita juu yetu kwa mlio ambao sitausahau, ukachukua kiti kimoja cha turubai na kukitupa majini vipande vipande.

Kabeya alikaa mchangani, akanitazama. "Umenivuta juu ya nini?" Hakuwa amejua kitu.

Tata Kalenga alikuja mbio, akamtukana kwanza, halafu akamkumbatia. Watu wakasema Mungu mkubwa, wakarudi kwenye vyungu vyao. Mimi sikurudi kwenye chungu. Nilibaki nimesimama. Nilianza kuhesabu moyoni: mzee aliyefiwa na mke, gramafoni, jiko langu, maswali yangu yote.

Alasiri alikuwa ameketi kwenye kiti kilichobaki, anatazama viboko. Nikaenda nikasimama nyuma yake, hatua mbili. Nikasema, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani: "Kabeya, nataka kukuacha. Nataka kuchukua watoto niende Dilolo kwa yaya, na nisirudi."

Yaya, maneno niliyoshindwa kuyatoa miaka miwili, yalitoka yote. Yeye akaendelea kutazama viboko. Mmoja alipiga miayo, na Kabeya akatabasamu.

Nikazunguka nikapiga magoti mbele yake. Alishtuka. Nikamuuliza polepole, "Husikii?"

Alitazama mdomo wangu. Sasa naelewa kwamba siku zote alikuwa anatazama mdomo.

"Agnès, mi sisikii tena muzuri," akasema. Kwa kawaida ananiita Mama Louis.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ya juzi. Balipiga baruti karibu, masikio ikalia sawa bapanzi mu majani. Ule mulio haukuisha. Sauti ya banaume bado naikamata kidogo. Ya banamuke na ya batoto njo ilitangulia kupotea. Ya Mianda, sijui iko namna gani."

"Na ku kazi wanajua?"

"Nani atajua? Weye mwenyewe hukujua. Ku nyumba unaongea na mi ukiwa ku jiko, mugongo umenigeuzia. Naona tu mabega inacheza, najua unasema kitu. Naogopa kujibu kitu ingine. Basi natoka inje."

Nikamuuliza kwa nini alitaka safari hii. Aliona haya, yaya, mtu mzima mwenye mvi. Akasema, "Nilizani ku mayi kuko kimya. Pengine masikio ikipumzika itarudi."

"Na imerudi?"

Akatikisa kichwa. Halafu akaniuliza, "Pale nyuma yangu ulikuwa umesimama muda gani?"

Nikasema nimefika sasa hivi, kumwambia chai iko tayari. Uongo huo unaujua wewe peke yako.

Mvuvi mmoja anarudi Mulongo leo na mtumbwi wake, amekubali kubeba barua hii mpaka posta. Sijui nikuambie nini zaidi. Nifikirie.

Agnès


Dilolo, siku ya 1, mwezi wa nane, 1954

Agnès,

Barua yako ya mu mchanga imefika. Nafurahi kwamba hamukuumia.

Batoto bazima. Louis ameangusha jino ya nyuma. Mianda amejifunza kushona tundu ya kifungo, nimemununulia kitambaa ya njano anatengeneza nguo ya mutoto ya udongo. Samaki ya Lobito imekuwa kali. Kule ng'ambo Baportugezi bamefunga njia siku mbili, hatujui juu ya nini, halafu bakafungua, hatujui juu ya nini. Nkulu anasalimia. Bamemupa kiti mwishowe, na sasa anasema inamuumiza.

Nimepeleka jina ya batoto kwa Masista, Louis na Mianda bote mbili, juu ya mwezi wa tisa. Kuandika jina tu. Kama nafasi haitumiki, haiharibu kitu.

Mianda anaimba asubuhi. Uliwahi kumusikia? Anaimba sana.

Tshibola


Kolwezi, tarehe 8 Agosti 1954

Yaya mpendwa,

Tumerudi Alhamisi, na baridi ya Kolwezi imetupokea kwa mikono miwili. Afya iko, shukrani. Meli ilitoka mchangani siku ya nane, baada ya watu sitini kuisukuma kwa mabega huku Bwana wa juu akipiga picha. Kabalo tuliiona siku tatu, tukala machungwa, tukapanda tena. Njiani kurudi nilikuwa naketi mbele yake, goti kwa goti, na tuliongea mpaka koo likakauka. Yaya, tulikuwa na maneno ya miaka miwili! Nimemweleza hata mapigano ya majirani ya mwaka jana, na alikasirika kama yametokea leo.

Barua yako ya kwenda Kabalo ilipishana nasi, imerudi na kunikuta hapa siku moja na ile ya tarehe moja. Nimezisoma zote mbili mara mbili. Katika hiyo ya mwisho nimetafuta neno moja juu ya masikio ya Kabeya. Nimeona jino, nimeona samaki, nimeona kiti cha shemeji. Neno hilo sikuliona.

Sikukasirikii. Mimi ndiye niliyekujaza hasira mwaka mzima, na hasira haziishi kwa sababu barua moja imesema ziishe. Lakini jina la watoto liondoe kwa Masista.

Kuna jambo jingine. Mwezi wa tatu, shimoni, kijana mmoja anayeitwa Muamba alikuwa chini akitazama waya wa umeme wa mashine. Alimpigia Kabeya kelele asimamishe. Kabeya hakusikia. Ile ndoo ya chuma, inayobeba mawe kama nyumba nzima, ilipita juu ya kofia ya Muamba kwa urefu wa kiganja. Muamba alimtukana mbele ya watu wote, na Kabeya aliona mdomo tu. Alielewa jioni, watu walipokuwa wameacha kumsalimia. Tangu hapo anapanda mashine akitetemeka. Miezi minne, yaya, na mimi nilikuwa nahesabu siku alizonuna.

Nilimwambia tungoje daktari wa mwezi wa tisa. Daktari husimama nyuma ya mtu na kutaja namba, na mimi ningeweza kusimama mlangoni nimwonyeshe Kabeya namba kwa vidole. Ndiyo, mimi, mtoto wa masista, nilisema hivyo. Alinitazama akasema, "Na Muamba, utasimama kwake pia?"

Kesho konje inakwisha. Keshokutwa, kabla ya kupanda mashine, atakwenda kwa mzungu wake kusema mwenyewe. Baada ya hapo sijui tutakuwa wapi. Tunaweza kutolewa katika nyumba hii.

Mtume shemeji atuletee watoto tarehe 28. Shule inaanza.

Agnès


Dilolo, siku ya 7, mwezi wa tisa, 1954

Agnès mudogo yangu,

Telegramu yako mbili ya kuita batoto nilizipata. Ya kwanza nilimwambia Nkulu treni imejaa. Ya pili nilimwambia Mianda iko na homa. Nkulu anafanya kazi ku stesheni, anajua treni ikijaa. Akashika kichwa ya mutoto, akaniangalia, akasema, "Mama, homa iko wapi?" Nikalia mbele yake. Miaka kumi na tano ya ndoa hakuniona nikilia.

Sikukujibu ile ya masikio juu ingenipasa niseme nilikosea, na kama nilikosea, hamutakuya. Njo hivyo. Mi naamka asubuhi, nafagia nyumba yenye haina mutoto ya kuichafua. Wakati ulinituma ile barua ya mwezi wa tatu, nililia juu yako, lakini nilinunua chokaa siku ile ile. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Leo asubuhi nimebapandisha mu treni na Nkulu. Nimebafungia mayai kumi na muhogo ya kuchoma. Louis alinishukuru na Kireno. Mianda hakutaka kuachilia kidole yangu, mi pia sikutaka, mpaka treni njo ilitutenganisha.

Mwambie Kabeya nilimusema vibaya mu soko ya Dilolo yote. Nitazunguka tena nimuseme muzuri, lakini itachukua siku mingi, juu soko ni kubwa. Bamemufanya nini ku kazi? Andika mbio.

Yaya yako,
Tshibola


Kolwezi, Jumapili tarehe 26 Septemba 1954

Yaya yangu,

Watoto walifika na mayai mawili kati ya kumi. Wamenenepa. Mianda ananyooshea kidole kila kitu kisichofagiwa na kusema, "Kwa mama mukubwa haiko vile." Joto limerudi, na jana mawingu ya kwanza yalipita bila kutupa kitu.

Barua yako nimeilia, halafu nimeicheka, halafu nimemsomea Kabeya sehemu ya soko. Sehemu nyingine nimeziweka. Hujapoteza mtu, yaya. Vakansi ya Noeli ni siku kumi na tano, na Mianda ameshaanza kufunga mzigo.

Sikukuandikia mapema kwa sababu sisi wenyewe hatukujua. Siku ile Kabeya aliposema, mzungu wake aligonga meza, akapiga kelele kwamba angeweza kuua mtu. Kabeya akamjibu, "Ndiyo, Bwana, njo maana nimekuya." Mzungu akaketi. Halafu akasema kwamba miaka miwili alikuwa anamfokea bila kupata jibu, akadhani ni kiburi, na mara mbili aliandika hivyo kwenye faili lake. Yaya, tulikuwa wengi.

Wakamtoa kwenye mashine siku hiyo hiyo. Karibu wiki sita alikaa nyumbani akingoja daktari, na hizo wiki sizitamani tena. Alitengeneza mlango uliokuwa mzima. Siku mbili alikataa kula. Nilimkuta mara moja amesimama nyuma ya nyumba, mikono inashika vyuma visivyokuwepo, kama vile anageuza mashine. Nilirudi ndani polepole. Sikuhitaji kunyata, lakini nilinyata.

Jumatatu iliyopita jibu lilikuja. Yuko kwenye ghala la vyombo, karakanani. Mtu anakuja dirishani, anaonyesha kipande cha chuma chenye namba ya chombo anachotaka, Kabeya anampa nyundo au ufunguo wa kukazia nati. Hakuna haja ya kusikia. Cheo kimeshuka, na nyumba tutahamia ile ndogo ya safu ya nyuma. Lakini anaingia kazini na kutoka jua likiwaka, na Louis anasema baba yake amekuwa mfupi kidogo bila mashine chini yake.

Leo baada ya misa Muamba alikuja. Sikumjua, nilimwona kijana mwenye koti la kuazima amesimama na mke wake mwenye mimba. Nikaogopa. Nikawapa viti, Kabeya akatoka uani, wakatazamana. Muamba akaanza kupiga kelele ya kuziba masikio ya kambi nzima:

"TATA KABEYA! ILE SIKU NILIZANI UNANIZARAU!"

Majirani walichungulia. Kabeya akacheka, akavuta kiti chake.

"Usipaaze sauti. Kelele haisaidie. Ukuye hapa mbele, nione mudomo."

Muamba akasogea mpaka magoti yakagusana, akasema tena, safari hii bila sauti kubwa, na sikusikia yote. Nilimwona Kabeya akijipangusa macho kwa kiganja, na kijana akitazama chini. Mke wa Muamba aliniuliza kama ni kweli tulipanda bato bila kufiwa na mtu. Nikamwambia kila kitu, mpaka viboko. Wamekula nasi. Wameondoka sasa hivi.

Nilitaka kukuandikia zaidi juu ya nyumba mpya na juu ya shule, lakini Kabeya ananiita kutoka uani, sijui ametaka nini. Naweza kuitikia kutoka hapa mezani. Hatanisikia. Basi naweka kalamu, naamka, naenda.

Mdogo wako,
Agnès